Mlango Unaongojwa

Kulikucha, na kama kawaida jua halikumwomba mtu ruhusa. Katika mji ule, ambao haukuwa na jina kwa sababu kila mkazi alikuwa na shughuli zake na hakuna aliyepata nafasi ya kuupa, siku haikuishia kuonekana angani. Ililetwa nyumbani. Ukitoka nje unaikuta imelazwa kizingitini: mkungu mzima wa ndizi, mbichi, mzito, unatoka utomvu, chane zake zimepangana kuanzia asubuhi kule juu hadi jioni kule chini kwenye vidole vidogo. Hakuna aliyewahi kumwona aletaye. Hakuna aliyewahi kupunjwa pia. Tajiri alipata mkungu, fukara mkungu, mgonjwa mkungu. Ukitaka kuupika, pika. Ukitaka kuuza, uza. Ukitaka kuwatupia nyani, nyani wapo na hawana makuu. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba siku haiwekwi akiba. Jua likizama, kilichobaki kinaoza papo hapo, ndiyo maana jioni za mji ule zilinuka utamu uliopitiliza, na nzi wake walinenepa kama madiwani.

Watu wote wa mji walikuwa wamejiajiri. Kila mmoja alikuwa ameinua mkono na kuapa kwamba yeye ni bwana wa nafsi yake na nafsi yake haitakuwa na bwana mwingine. Baada ya kiapo walipigiwa makofi, wakapewa soda, na kila mmoja akakabidhiwa kidirisha. Kilikuwa kidogo, cha kuenea kiganjani, chenye kioo safi na joto la yai lililotagwa sasa hivi. Waliambiwa: kupitia hiki, wateja watakuona. Ikawa kweli. Lakini wewe nawe uliwaona, na si wateja peke yao. Dunia nzima ilipita mle. Huyu kabeba wimbo, huyu kabeba mguu uliovunjika, huyu kabeba mchuzi wake ili uusifu. Na kila apitaye alisimama, akatabasamu kwa adabu, akaomba kidole kimoja tu cha mkungu wako. Kimoja tu, ndugu yangu. Nani atamnyima mwenzake ndizi moja?

Kiondo alikuwa fundi seremala katika mji huo. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa bweni, mahali ambapo kwa miaka mingi aliamshwa na kengele, akalishwa kwa kengele, akaogeshwa kwa kengele, na nyakati fulani akatakiwa kufikiri kwa kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa, ikigongwa kwa nondo. Siku ya kumaliza shule aliitazama rimu ile kama mtu anayeachana na mchumba mkorofi, akaapa hatairudia. Sasa alikuwa huru, na asubuhi nyingine, akiwa amekaa mbele ya mkungu wake usiokatwa, alihisi masikio yake yakiitafuta. Mtu anaweza kutamani hata kofi, ikiwa lilikuwa linafika kwa wakati.

Hata hivyo, mtu ambaye Kiondo alimkumbuka zaidi ya wote ni mama yake.

Mama Kiondo aliishi ng'ambo ya mto, katika nyumba isiyokuwa na mlango. Mlango ulikuwapo zamani, mchwa wakaula. Waliula kwa heshima, polepole, wakaacha kitasa peke yake sakafuni, kwa kuwa chuma hawali. Tangu hapo mama hakuweza kwenda popote. Nani ataiacha nyumba wazi, aende safari? Akaweka kigoda pale kwenye uwazi, akaketi, akawa yeye ndiye mlango. Kiondo alimwahidi: nitakutengenezea mwingine, wa mninga, nitauleta na kuupachika, utafunga kwa ufunguo, tutavuka pamoja, uje ukae kwangu uone ninavyofanya kazi. Ahadi hiyo ilitolewa wakati wa kiangazi, mto ukiwa chini na mawe yakiwa yanaota jua. Na mto ule haukuwa wa mchezo. Ukijaa, ulijaa kwa kadiri ulivyopenda, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuuambia sasa basi. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kama meza: mlango ukamilike kabla ya maji, au mama na mwana wabaki kila mmoja upande wake, labda milele.

Sasa tatizo la mtu aliyejiajiri ni kwamba anakuwa watu wawili ndani ya shati moja.

"Kibarua!" aliita Bosi asubuhi hiyo, kwa kinywa cha Kiondo.

"Naam, mkuu," alijibu Kibarua, kwa kinywa kile kile.

"Leo mlango."

"Mlango, mkuu, hakuna kingine. Ila ningeomba kwanza nimsalimie mama."

"Mama yupi?"

"Mama yetu, mkuu."

Bosi akakohoa. Mabosi wote, ukiwafikisha kwa mama zao, hulegea. "Haya. Dakika moja. Na usiniambie baadaye kwamba kioo kiliganda."

Kiondo akatoa kidirisha mfukoni. Akamwona Mama Kiondo kwenye kigoda chake, anachambua maharage, giza la nyumba likiwa limemkalia mabegani kama shuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Bado."

"Na mlango?"

"Uko njiani, Mama."

"Umeondoka lini, mbona hata vumbi lake silioni?"

Kiondo akacheka. Mama naye akacheka, akainamia maharage yake. Nyuma ya bega lake akapita mtu aliyekuwa akiuza viatu kwa kuimba. Kiondo akataka kusikia ubeti wa pili. Nyuma ya mwimbaji akaja mwanamke anayemenya nanasi kwa namna ambayo nanasi lenyewe lilionekana kufurahi. Nyuma yake, bwana mmoja akieleza kwa machozi namna ya kutopoteza wakati, akaeleza, akaeleza tena. Kila mmoja aliomba kidole kimoja. Kiondo alipoinua kichwa, chai yake ilikuwa imeota utando, ule utando umeota ndevu, na mkungu ulikuwa umebaki na vile vidole vya chini kabisa, vidogo, vichungu, ambavyo hata nyani huvikataa.

"Kiondo we!" Sauti hiyo ilitoka nyumba ya pili. Ilikuwa ya Nambua, mfinyanzi. "Umemwona mbuzi aliyepanda pikipiki?"

"Nimemwona."

"Umemwona anaposhuka?"

"Hashuki yule."

"Anashuka! Mwisho kabisa. Analipa na nauli."

Kiondo akarudi kutazama. Ilikuwa kweli. Mbuzi alilipa nauli.

Nambua naye alikuwa na chungu chake. Kilikuwa chungu kizuri mno, shingo kama ya twiga aliyelelewa vyema, na kila siku alikibeba mbele ya kidirisha chake, akakizungusha taratibu, dunia ikamshangilia. Hakuwahi kukichoma. "Nitakichoma watu wakishakipenda vya kutosha," alisema. Watu walikipenda, na kesho yake wakakipenda tena, na udongo ukawa unapasuka kimyakimya upande ambao haukuonyeshwa.

Jioni Bosi alimwita Kibarua mbele.

"Mikono yako ilikuwa wapi leo?"

"Mfukoni, mkuu."

"Na mfukoni mna nini?"

Kibarua akautazama ukuta.

"Nakuuliza wewe, si ukuta!"

"Mna mama, mkuu."

Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo haliwezi kufanywa isipokuwa na mtu aliyelelewa bwenini. Bosi alitoa adhabu. Alimwamuru Kibarua afyeke majani kuanzia nyumbani hadi barabarani. Kesho yake mkungu ukaletwa, Kiondo akachukua fyekeo, akafyeka kuanzia chane ya kwanza ya siku hadi ya mwisho, na kwa kuwa adhabu isiyosimamiwa si adhabu, Bosi naye alisimama juani siku nzima mikono nyuma akisema pale umeacha, pale umeacha. Jioni uwanja ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha bwana harusi. Mlango haukuguswa. Siku iliyofuata Kibarua aliadhibiwa kwa kutogusa mlango siku ya adhabu. Majani yakaisha, akapelekwa kufyeka ya Nambua. Nambua alimwonyesha kwenye kidirisha chake, akifyeka, na watu wengi kutoka nchi za mbali wakaandika kwamba wamejifunza mengi kuhusu nidhamu.

Alijaribu pia rimu. Aliitafuta, akaining'iniza kwenye boriti ya karakana, akawa anaigonga mwenyewe. Lakini kengele unayoipiga mwenyewe haikuamshi. Unakuwa umeshaamka, na unamjua aliyeipiga, na unajua kwamba hana ubavu.

Siku zikaendelea kuletwa. Kiondo aliacha kuzihesabu, nazo zikaacha kufanana. Ndevu zake zilikuja zikaondoka zikarudi na mvi moja. Mbao za mninga, zilizoegemezwa ukutani tangu mwanzo, zilingoja kazi hadi zikachoka kuwa mbao, na asubuhi moja aliziona zimechipua. Majani mawili, laini, ya kijani cha aibu. Zilikuwa zimeanza kusahau kwamba zilipasuliwa. Ukizichelewesha zaidi, alifikiri, zitatoa mizizi, zitakuwa mti, na mti utatoka nje kwa miguu yake na kurudi msituni kumalizia maisha yake. Kila kitu kisichofanywa hurudi kilikotoka. Je, na mtu?

Akaketi juu ya gogo la karakana, akajiuliza swali ambalo mji mzima ulikuwa umelificha chini ya mikeka. Ikiwa mimi ndiye bwana, na mimi ndiye mtumwa, basi nani katoroka? Tupange foleni tuhesabiane. Bosi yupo, kakunja uso. Kibarua yupo, kashika randa, hata kama randa hailii. Mkungu upo, ulikuja mzima. Mbao zipo, zimechipua kwa fadhaa. Mwizi hayupo, kwa kuwa kila kidole nilikitoa kwa mkono wangu na kusema karibu tena. Wote wapo. Na bado kuna mtu kapungua humu. Naisikia nafasi yake, kama jino lililong'oka. Anayepungua ni nani? Mvivu? Mvivu hachoki hivi. Nimechoka kama mtu aliyetembea. Nimetembea kwenda wapi?

Akatoa kidirisha amtazame mama. Na mara hii, kabla wapita njia hawajafika, aliangalia nyuma ya bega la mama, ndani ya lile giza la nyumba. Kulikuwa na mtu ameketi sakafuni, kaupa ulimwengu mgongo, anakula kwenye sufuria. Shati lake lilikuwa na kiraka begani. Kiondo akajipapasa bega. Kiraka kilikuwapo, ila chini ya shati hakukuwa na joto.

Basi ndiye huyu. Alikuwa pale wakati wote. Bosi alifoka, Kibarua akafyeka, na wa tatu, yule mwana, alikwishavuka zamani kupitia kioo, akaenda kukaa miguuni kwa mama yake. Adhabu gani ingemfikia huko? Hakuwa mvivu. Alikuwa amekumbuka nyumbani.

"Mama," alisema, "nani huyo nyuma yako?"

"Usinibadilishie mazungumzo. Maji yamefika kwenye jiwe la kufulia."

Kiondo akashtuka. "Tayari?"

"Tayari nini, mwanangu? Mto umekuja kwa hatua zake, wewe ndiye uliyekuwa na mbuzi." Mama akaweka ungo chini, akamkazia macho. "Hebu niambie. Kila siku unakuja hapa kunitazama nikikungoja. Kwani kungoja kwangu ni mpira, watu wanakaa kutazama?"

"Nimekukumbuka, Mama."

"Na mimi nimekukumbuka. Lakini mimi nikikukumbuka naendelea kuziba hapa. Wewe ukinikumbuka unaangusha randa. Nakutazama ukinitazama, nawe unanitazama nikikutazama. Sasa huo mlango anautengeneza nani, shangazi yako?"

Kiondo akaitazama randa sakafuni. Shangazi yake hakuwa fundi.

"Nigeuze," mama akasema.

"Nikugeuzeje?"

"Uso chini. Hapo mezani. Kama chapati."

"Siwezi, Mama. Na nikitaka kukuona je?"

"Utataka. Sikukatazi. Taka, huku unapiga randa."

"Na ukipatwa na jambo, nitajuaje?"

Mama akatazama mtoni, halafu akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. "Hutajua," alisema. "Nigeuze."

Akamgeuza. Uso wa mama yake ukagusa meza. Kwa muda alimsikia chini ya kioo akivuma wimbo wa kuchambulia maharage, wimbo usio na maneno. Kisha akakohoa. Kisha kukawa kimya, na kimya kile kilikuwa kikubwa kuliko karakana, na Kiondo alisimama katikati yake mikono imening'inia, akitamani kuigeuza chapati ile hata upande mmoja tu, hata ukingo. Bosi alisogea pembeni. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, kama mtu msibani.

Akaanza kwa kuyachuma yale majani mawili. Mbao zililia kidogo, zikakumbuka. Akashika randa, akasukuma, na ule uchungu wa kumkumbuka mama uliokuwa ukitokea machoni kila siku ukakuta pamefungwa, ukageuka, ukashuka begani, ukapita kwenye kiraka, ukateremka mkononi, ukaingia kwenye chuma. Maranda yakatoka marefu, yamejikunja. Kila aliposema moyoni namtaka Mama, ubao ulilainika. Njaa ilipomshika alikata chane ya mkungu wake akala mwenyewe, na alishangaa kwamba siku ina ladha. Alikuwa ameigawa miaka yote bila kuionja.

"Kiondo!" Nambua akapaza sauti. "Mbuzi kapata leseni!"

Miguu ya Kiondo ikasimama. Akaiketisha.

"Kiondo! Anaapishwa sasa hivi, njoo uone alivyovaa!"

"Nisalimie mheshimiwa," Kiondo akajibu, na hakuiacha patasi.

"Unaringa, ee? Kwa sababu ya mlango?"

"Kwa sababu ya mama."

Nambua akarudi kwenye kidirisha chake. "Basi mbuzi nitamtazama kwa niaba yako," akasema, na sauti yake haikuwa na kicheko.

Kuna wakati Bosi alikuja kukagua, mikono nyuma, akakuta hakuna wa kumfokea. Akasimama, akaona aibu ya mtu aliyefika kazini bila kazi. Akachukua msasa, akaketi kwenye gogo lile lile, akasugua upande wa pili. Baadaye ilikuwa vigumu kujua nani ni nani, isipokuwa kwamba kulikuwa na mikono miwili, na yote miwili ilikuwa na vumbi. Mikungu ililetwa na kuliwa, ikaletwa na kuliwa. Mlango ukapata mwili, ukapata komeo, ukapata kitasa na ufunguo, ukapata bawaba. Kiondo aliujaribu kwa kuusimamisha ukutani. Ulikuwa mlango usioelekea popote, na bado alihisi upo mtu upande wa pili.

Hakukigeuza kidirisha. Aliuweka mlango kichwani, akaondoka.

Hadi mtoni ni mbali kwa mtu asiyejua anachoendea. Njia nzima aliwaza kwamba labda anapeleka mlango kwenye nyumba isiyo na mtu. Alijiambia atarudi achungulie kidirisha kidogo tu. Akajiambia hapana. Alipofika, jiwe la kufulia halikuonekana, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya bweni. Yalimshika kiunoni, yakamshika kifuani, yakamuuliza maswali. Mto ukamvuta shati, kiraka kikang'oka, kikaenda zake. Akavuka.

Mama alikuwa kwenye kigoda.

Lakini alikuwa mzee kuliko yule wa kwenye kioo. Kioo hakikuwahi kumwambia kuhusu magoti, wala namna mkono wake ulivyoshika ukingo wa ukuta hata akiwa ameketi. Ndani ya nyumba, sufuria ilikuwa sakafuni, tupu, na hapakuwa na mtu kando yake. Joto likamrudia Kiondo begani. Akapiga magoti, akaweka kichwa chake mapajani pa mama yake, akiwa ametota, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza kama yule wa pili amekula.

"Fanya kazi," mama akasema mwishowe, akimfuta kichwa kwa kanga. "Mto haujui kama tunalia."

Akaupachika. Bawaba zikakaa. Mama Kiondo akasaidiwa kuinuka, kigoda kikaondolewa, na pale mahali pakawa hapamhitaji tena. Alisimama kando akipatazama kama mtu aliyepumzishwa zamu akiwa hajazoea. Akausukuma mlango kwa kidole. Ukaenda, ukarudi.

"Chukua ufunguo, Mama," Kiondo akasema. "Twende. Maji bado yanavukika."

"Toka nje," mama akajibu.

Akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, na komeo likaingia mahali pake kwa sauti nzito, nzuri. Kiondo akabaki nje, mikono mitupu. Akangoja. Mfukoni hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Mama, maji."

"Nani huyo?" sauti ikauliza ndani.

"Mimi, Mama."

"Mimi ndiye nani? Nyumba hii ina mlango siku hizi. Kuku waliingia humu bila kuniuliza, mbuzi wakaingia, upepo ukaingia, majirani wakaingia nikiwa naoga. Mimi sikai tena na watu wa kuingia tu."

Kiondo akageuka akautazama mto. Ulikuwa umekwishaipanda njia aliyojia. Ungevukika kwa mtu anayeondoka sasa hivi, akikimbia, bila kuaga. Akaugeukia mlango, akainua mkono, akagonga.

"Hodi."

Akazisikia nyayo za mama yake ndani, zikienda, si kuja. Zilikuwa zinakwenda polepole hadi kwenye kona ya mbali kabisa ya nyumba, ili hodi ipate mahali pa kusafiri.

"Sikusikia vizuri. Tena."

"Hodi, hodi."

Nyuma yake maji yalifunga njia, taratibu, pande zote mbili kwa pamoja. Kiondo akaegemeza paji la uso kwenye mninga. Ulinuka siku zake.

"Hodi, Mama."

"Ngoja kwanza," sauti ikasema kutoka mbali, ikicheka, ikitetemeka kidogo. "Ngoja hapo hapo, mwanangu. Na mimi nionje kungojwa."